Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Atlanta

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana, nawashukuru kwa kufika.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Futari ya pamoja ilifanyika, pikniki ya Julai ilifanyika Stone Mountain, na darasa la Kiswahili la watoto linaendelea Clarkston kila Jumamosi. Tulipata misiba mitatu, na miili miwili ikasafirishwa nyumbani. Kamati ya maafa ilifanya kazi nzuri. Ziliingia dola 11,400, zikatoka 10,950. Mchanganuo anao mweka hazina, mwulizeni.

Sasa suala la Julian Bond, marehemu mwanasiasa na mtetezi wa haki za watu weusi wa hapa Georgia, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Kamati tendaji, kwa pendekezo langu, iliamua kwamba mwaka huu fedha za dansi ya Desemba ziende kwenye jioni ya kumzungumzia Bond, pamoja na kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya vijana wetu. Ukumbi, chakula na uchapaji vilikula dola 2,300. Kijitabu nilikiandika mwenyewe baada ya kazi, bila kulipwa hata senti. Yakafuata maneno kwenye gurupu: mwenyekiti ameleta siasa chamani, Mmarekani huyu anatuhusu nini, tumenyimwa muziki.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940. Baba yake alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo walichosoma Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria. Mwaka 1957 kijana akaja hapa Atlanta kusoma chuo cha Morehouse, na 1960 akawa mmoja wa wanafunzi walioanzisha SNCC, kamati iliyopambana na ubaguzi bila vurugu. Yeye alishika upande wa habari. Ni vijana wa kamati hiyohiyo waliokwenda kumwamkia Jaramogi Oginga Odinga alipopita mjini hapa Desemba 1963, siku chache tu baada ya Kenya kupata uhuru. Walipotoka kwake wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi, wakaishia kukamatwa. Anayeuliza mtu huyu anatuhusu nini, aanzie hapo.

Mwaka 1965 wapigakura wa Atlanta walimchagua Bond kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia. Kabla hajaapishwa, SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, naye akasema wazi kwamba analiunga mkono. Tarehe 10 Januari 1966 wenzake wakala kiapo, yeye akaambiwa akae kando. Kura zikapigwa: 184 wakamkataa, 12 tu wakamtetea. Watu wake wakamchagua upya mwezi uliofuata, na kamati ya baraza ikamkataa tena. Alikwenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, na Desemba 1966 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani wakampa haki. Januari 1967 akala kiapo chake.

Jioni ile binti mmoja wa darasa la tisa alisimama akauliza: kama wananchi walimchagua, wale wenzake walipata wapi ruhusa ya kumfukuza? Ukumbi ulinyamaza. Nikamjibu kwamba walidai hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba huku akiwasifu vijana wanaokataa jeshi, na kwamba mahakama ilisema baraza halina mamlaka ya kupima dhati ya moyo wa mtu namna hiyo, wala kumfungia mlango kwa kauli ambayo raia wa kawaida angeruhusiwa kuitoa. Mwakilishi naye ana haki ya kusema, tena ana wajibu, kwa kuwa anasemea watu. Ndugu zangu, swali kama lile halijaulizwa katika dansi zetu zote nilizohudhuria.

Mengine ya maisha yake yamo kijitabuni. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa chama chake cha Democratic huko Chicago, alipendekezwa kwa umakamu wa rais akiwa na miaka 28, na ilimbidi akatae kwa kuwa katiba inataka 35. Alikaa barazani hadi alipohamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akadumu huko hadi 1987. Mwaka 1986 aliwania kiti cha Congress, bunge la taifa, dhidi ya rafiki yake wa SNCC, John Lewis. Akaongoza duru ya kwanza, akashindwa ya marudio. Aliongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015.

Kuhusu siasa: katiba yetu inakataza kampeni, na marehemu haombi kura. Lakini wengi wetu sasa ni raia. Habari za rais tunazijadili hadi usiku wa manane, ila mjumbe wetu wa jimbo hatumjui hata kwa jina. Leseni ya udereva, leseni ya nesi, mambo haya sheria zake zinatungwa na watu 180 wa baraza na 56 wa Seneti katika jengo la bunge la jimbo, pale chini ya kuba la dhahabu katikati ya jiji, hayatoki Washington. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ningeupendekeza tena.

Sasa ada. Tuko wanachama 140, waliolipa dola 60 za mwaka kikamilifu ni 58. Nimepitia daftari: zaidi ya nusu ya waliolalamikia dola 2,300 wanadaiwa ada ya miaka miwili. Majina sitayataja. Mikutano mitatu kati ya minne ya robo mwaka haikufikisha akidi, na viongozi wenu wameketi mbele ya viti vitupu hadi mwenye ukumbi akaja kuzima taa. Hili linaniuma kuliko maneno yote ya gurupu. Msiba ukitokea, simu yangu hailali. Mkutano ukiitwa, kila mtu ana zamu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuwapeleka vijana kuangalia kikao cha bunge la jimbo, kutoa kijitabu cha pili, na hali ikiruhusu kuanza kutafuta ukumbi wetu wenyewe. Vijitabu vilivyobaki viko mezani kwa katibu, ni bure. Fomu za uongozi ziko hapohapo, nami nimeshachukua yangu.

Naomba kuwasilisha.