Kabla Hujaweka Rehani Nyumba Yako ya Texas Ili Ulipe Madeni ya Kadi

Wateja wengi huja ofisini kwetu wameshika tama, mkononi barua za wadai. Hofu yao ni moja: hospitali au kampuni ya kadi za mkopo itaipiga mnada nyumba yao. Kama unaishi Texas katika nyumba uliyoinunua, kwa madeni ya aina hiyo usikose usingizi. Katiba ya jimbo, Ibara ya 16 kifungu cha 50, inazuia nyumba ya makazi kuuzwa kwa nguvu. Kinga hiyo huitwa homstedi, nayo ilianza kwa sheria ya mwaka 1839, Texas ikiwa bado jamhuri.

Majimbo mengi huweka kikomo cha fedha. Texas hupima ardhi: mjini ekari 10, shambani ekari 200 kwa familia au 100 kwa asiye na familia. Hata kama umebakiza kidogo kumaliza deni la benki, thamani yote iliyokwisha kuwa yako imelindwa. Mdai anaweza kukushtaki na kushinda, lakini nyumba haigusi. Ukiiuza mwenyewe, fedha zake hulindwa miezi 6 ili upate kununua nyingine.

Wapo wanaoruhusiwa kuiuza nyumba kwa nguvu: benki iliyokukopesha kununua nyumba, kodi ya majengo, kodi ya serikali kuu, na fundi mliyeandikiana mkataba wa ukarabati kwa utaratibu wa sheria. Ada za chama cha wenye nyumba nazo zinaweza kukufikisha pabaya.

Linalotuumiza zaidi ni mkopo unaochukuliwa kwa kuweka rehani thamani ya nyumba yenyewe. Texas iliukataza hadi mwanzoni mwa 1998. Sasa unaruhusiwa, ilimradi madeni yote juu ya nyumba yasizidi asilimia 80 ya thamani yake. Mwenye madeni ya kadi hupigiwa simu akaambiwa ayakusanye yote, alipe sehemu moja kwa riba nafuu. Riba kweli huweza kuwa nafuu. Lakini deni la kadi, ambalo lisingeweza kuifikia nyumba, sasa limekaa juu yake kwa sahihi yako. Kazi ikikatika na malipo yakasimama, mkopeshaji ataomba amri ya mahakama na nyumba itauzwa. Tafadhali, fikiri sana hapo.

Sheria imekupa muda. Mkopo huo haukamilishwi kabla ya siku 12 kupita tangu uombe, na ukishasaini una siku 3 za kuuvunja.

Msichanganye kinga hii na fomu 50-114 ya kaunti. Fomu hiyo hupunguza kodi ya majengo na kuiwasilisha ni bure, kwa hiyo barua inayokudai ada ili ujaziwe itupe. Kinga dhidi ya wadai unayo kwa kumiliki nyumba na kuishi humo, hata kama hukuijaza. Anayefikiria kuomba kufilisika, naye aseme alinunua lini: kwa nyumba iliyonunuliwa ndani ya siku 1,215 kabla ya ombi, sheria ya shirikisho huweka kikomo cha fedha.

Ukipewa karatasi za mkopo wa namna hiyo, zilete kwetu kabla hujasaini, pamoja na hati ya nyumba na taarifa ya mwisho ya benki. Tutazisoma pamoja kwa Kiswahili. Mume na mke mje wote, maana mkopo huo hauna nguvu bila ridhaa ya wote wawili.