Mheshimiwa Waziri, na popo wa Mafia nao wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, salaam. Nakuandikia nikiwa hapa Mbagala Rangi Tatu ila kwetu Mafia, Kilindoni, na ishu yenyewe ni popo, usicheke kwanza.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokuja watu wa hali ya hewa walitangaza mapema, kwa hilo nawapa maua yao, boti zikasimama na sisi wa Dar tukabaki tumeganda kwenye simu. Shangazi kuja kupatikana ananiambia bati la jikoni limeruka, minazi imelala, halafu ule mti wa mkungu wa uani umebaki kama ufagio na chini yake kuna popo watatu, mmoja bado mzima kakumbatia kijitawi, bawa limechanika, watoto wanamchokoa na kijiti.

Baadae zikaandikwa nyumba, minazi, mashua, sawa kabisa. Popo wamebaki wangapi sikusikia mtu akiuliza.

Na hawa sio wale popo wa kwenye dari mheshimiwa, hawa ni wakubwa, wala matunda, kwa Tanzania nzima wako Mafia tu (Pemba wana wao, aina nyingine), ndugu zao wengine wako Komoro na Mayotte, na huko Mayotte nako Desemba mwaka huohuo kimbunga Chido kikapiga. Yani ukoo mmoja, vimbunga viwili ndani ya mwaka! Afu ndo haohao wanaokula tunda huku wanaenda kudondosha mbegu kule, upepo ukishalaza miti wao ndo wanapanda upya bila posho. Msitu wetu wa Mlola hapo Mafia wenyewe umekaa juu ya matumbawe, udongo kiduchu, na kima na komba wanautegemea.

Ombi langu dogo tu, timu ya tathmini ikienda kisiwani iwe na mtu wa misitu, ahesabu popo kwenye miti wanayolala, na miti iliyoanguka isiguswe kwanza, maana panga linaanzaga na uliolala linamalizia na uliosimama.

Najua wizarani Mafia ikitajwa watu wanawaza papa potwe, analeta dola sikatai, ila potwe kimbunga kikija anazama zake chini, popo azame wapi?

Ukivuka na boti ya Nyamisati kuja Mafia pita kwa shangazi. Mkungu umeshachipua, ila asubuhi pale chini zile kungu zilizotafunwa tulizokuwa tunagombania utotoni, anasema siku hizi anaokota mbilitatu tu.