Uhura, Zuhura na somo la Kiingereza angani

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wenu wa burudani ulichapisha makala ya kuikumbuka Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga iliyoanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, na mwandishi wenu akamalizia kwa kujivunia kwamba Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha Enterprise, ana jina la Kiswahili. Sina ugomvi na fahari yake. Nina neno juu ya jina lenyewe, na zaidi juu ya sehemu mbili za tamthilia hiyo ambazo makala haikuzigusa, ingawa ndani yake Kiswahili hakikuishia kwenye jina bali kilitamkwa.

Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi kiitwacho Uhuru, na mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo. Ila ikaonekana kwamba kwa mwanamke ni kali mno, basi likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Hapo ndipo Kiswahili kilipoachwa njiani, kwa kuwa kwetu irabu ya mwisho haibebi jinsia ya mtu. Tatu ni mwanamke, Baraka mara nyingi ni mwanamume, na Zawadi usimwite bwana wala bibi mpaka umwone. Lakini bahati nayo ina mambo yake. Waliotafuta ulaini waliangukia jina lililopungukiwa herufi moja tu kuwa Zuhura, ambalo ni jina la bibi zetu wengi wa pwani na pia jina la sayari ing'aayo alfajiri na jioni. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni Zuhura kweli, na kwamba Wamarekani wameshindwa kumtamka.

Ifahamike kwamba sikuiona tamthilia hiyo ilipokuwa mpya, wala si rahisi kwa mtu wa Tanzania Bara wa umri wangu kudai hivyo, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973 lakini huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Sehemu zote 79 zilikuwa zimekwisha tangu Juni 1969, wiki chache kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Mimi nilizipata kwenye kanda za video alizoniletea mpwa wangu kutoka Mombasa, zikiwa zimechakaa kiasi kwamba picha ilikuwa ikipanda juu kama pazia kila baada ya dakika chache.

Mara ya kwanza Kiswahili kusikika ilikuwa katika sehemu ile ile iliyofungua pazia, Septemba 1966. Kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi mwilini mwa watu, na chenye uwezo wa kujigeuza sura impendezayo kila anayekitazama. Kinapokutana na Uhura ukumbini kinakuwa kijana Mweusi mtanashati, na kwa kuwa kimesoma upweke uliomo moyoni mwake, kinamsemesha Kiswahili. Naye anajibu. Matamshi ya wote wawili ni ya kigeni, na mwalimu wa sarufi angekuwa na kazi ya kalamu nyekundu hapo, lakini uso wa Nichols unabadilika kwa namna ambayo haihitaji sarufi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hili lilikuwa limemjua kwa lugha, na kama asingeitwa kazini wakati ule ule lingemla akakwisha. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, Kiswahili kiliingia angani kwa kinywa cha zimwi, tena kikiwa chambo. Miezi mitatu baadaye, Desemba ya mwaka huo huo, Wamarekani Weusi walisherehekea Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, kwa mara ya kwanza, wakitumia maneno yetu kwa jambo jingine kabisa.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi hiyo arudi kwenye michezo ya jukwaani, na kwa maelezo yake mwenyewe ni Martin Luther King aliyemsihi abaki. Watu hukisimulia kisa hicho kwa heshima kubwa, na kinastahili. Mimi namshukuru Dakta King kwa sababu ndogo zaidi: bila yeye tusingekuwa na sehemu iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967.

Humo mna mashine iitwayo Nomad ambayo inamsikia Uhura akiimba kazini, inashindwa kuelewa kuimba ni nini, na katika kuuchunguza wimbo huo inamfuta kichwani yote aliyowahi kujifunza. Anafundishwa upya. Tunamwona chumba cha wagonjwa, Muuguzi Chapel akiwa pembeni yake, akisoma Kiingereza cha mtoto wa darasa la kwanza: mbwa, mpira, rangi. Anapofika kwenye neno la Kiingereza la buluu anatamka kila herufi iliyoandikwa, likawa "blu-ii". Anasahihishwa. Akikwama anaghadhibika, na akighadhibika Kiswahili kinamtoka chenyewe. Ndipo muuguzi anapomwambia aseme kwa Kiingereza.

Niliirudisha kanda mara tatu. Nimefundisha shule ya sekondari Tanga miaka 31, na kosa lile nalijua kama ninavyoujua ufunguo wa nyumba yangu. Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, lugha inayosomeka kama inavyoandikwa, anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Mmoja wao, aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, alisimama akasoma neno la kisu, "knife", akaliita "kinife", na darasa zima likacheka isipokuwa yeye. Kwenye Enterprise daktari anaahidi kwamba Uhura atarudi kazini ndani ya wiki moja, na sehemu inapokwisha habari ya masomo yake haizungumzwi tena. Yule mwanafunzi wangu hakusoma kwa sauti tena mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Waandishi wa tamthilia hawakueleza ni kwa nini mashine iliyofuta kila kitu haikukifikia Kiswahili. Nadhani hawakulifikiria, walihitaji kichekesho kidogo kabla ya vita kuanza tena. Tena wiki chache baadaye, katika sehemu ya Novemba 1967, nahodha wa Enterprise anatumia mtambo wa kutafsiri na kuzungumza na wingu lenye uhai. Wingu likapata mkalimani, Uhura akaambiwa aseme kwa Kiingereza.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni la kikazi. Siku hizi vituo vyetu vinaingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kituruki, na vinafanya vizuri kiasi kwamba mke wangu anawalaumu wahusika kwa majina kama majirani. Septemba 2026 Star Trek inatimiza miaka 60, na gazeti lenu lingeweza kuvishawishi vituo hivyo viipe nafasi tamthilia hii, angalau sehemu hizo mbili. Mfasiri atakayepewa ile ya Nomad atakutana na tatizo ambalo ningependa kuona analitatua vipi, maana chombo kizima kitakuwa kinaongea Kiswahili, nahodha, daktari na mashine yenyewe, kisha Uhura ataghadhibika na kusema Kiswahili, na muuguzi atamkataza. Namwomba asiibadilishe sentensi hiyo. Muuguzi na aseme, kwa Kiswahili fasaha, "Hapana, Uhura, sema kwa Kiingereza."

Mwalimu mstaafu,
Tanga