Usishushe gia boksi, somo

Raskazone, Tanga
Ijumaa jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto hapo Moshi. Sisi huku wazima. Masika imeshika tangu juzi, bahari imechafuka na samaki wamepanda bei, lakini hatuna neno. Mama anakusalimu sana, kila mara anauliza utashuka lini.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Pale uliposema unataka kuiuza Eunos yako, kigari cha Mazda cha turubai kama changu, kwa kuwa "imezeeka, inavuja kila mahali", niliumia. Na pale uliposema Jumatatu fundi anashusha gia boksi ili abadili oili sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, nikaona barua hii isingoje kesho. Nakuomba umpigie simu leo, umwambie asubiri kwanza.

Mimi niliipita njia hiyo hiyo. Gari langu lilikuwa likiacha doa la oili chini, pale pale injini inapokutana na gia boksi. Mafundi wawili walilitazama kwa tochi, wote wakasema oili sili ya nyuma. Gia boksi likashuka, klachi ikatolewa, flaiwili ikatolewa, sili mpya ikaingia. Gari lilikaa gereji siku tano na hela ilitoka ya kutosha. Wiki iliyofuata nikaamka alfajiri, nikakuta doa lile lile, mahali pale pale. Nilisimama pale na kanzu yangu ya kwenda msikitini, nikawaza kuliuza, kama unavyowaza wewe sasa.

Kosa lilikuwa moja tu: hakuna aliyetazama juu. Injini ya gari letu imelala kwa urefu, na nyuma kabisa ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, karibu na ule ukuta wa bati unaotutenga na injini, kuna sensa inayozungushwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali. Sensa hiyo inazuia oili kwa oringi moja ya mpira, basi. Oringi ikishakakamaa, oili inatoka kidogo kidogo, inashuka na mgongo wa injini, inatambaa juu ya ganda la gia boksi, inalizunguka, halafu inadondokea kwenye ncha ya chini kabisa. Na hapo ndipo oili ya sili ya nyuma nayo ingedondokea. Ukiwa umelala chini ya gari huwezi kuzitofautisha, hata kama una macho ya kipanga.

Kwa hiyo kabla ya spana, anza na kuosha. Injini ikiwa ya baridi kabisa, funga mifuko ya plastiki kwenye altaneta na kwenye sensa yenyewe, chukua brashi na sabuni ya kuondoa grisi, usugue kuanzia tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, mpaka sampu, bakuli la oili la chini. Suuza kwa maji ya taratibu, siyo ya presha. Usiharakishe kazi hii. Uchafu wa miaka mitatu umepakwa kila upande, na injini chafu haiwezi kukuonyesha kitu. Iache ikauke. Kisha tafuta poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, uipulize nyuma ya silinda hedi, pembeni mwa tapeti kava, na juu pale gia boksi linapoungana na injini. Endesha nusu saa hivi. Mimi nilikwenda Pongwe na kurudi. Ukifungua boneti utaona poda yote ni nyeupe isipokuwa mstari mmoja mweusi uliolowa. Ufuate mstari huo kwenda juu mpaka unapoanzia. Kwa nyuma utahitaji kioo kidogo, hata kile cha shemeji cha mkobani kinatosha.

Sehemu ya juu ikibaki kavu na nyeupe, na unyevu ukawa chini tu kwenye kiungo cha injini na gia boksi, basi fundi wako amesema kweli, mwache afanye kazi yake. Lakini moyo wangu unaniambia mstari utaanzia kwenye sensa.

Ikiwa hivyo, kazi yenyewe ni ndogo ila nafasi ni finyu na mikono itakwaruzika. Sensa imeshikwa na bolti moja ya spana namba 12. Kabla hujailegeza, chora mstari wa rangi unaopita kwenye sensa na kwenye hedi, kwa sababu ukiizungusha hata kidogo umehamisha taiming, yaani wakati wa cheche kuwaka. Ichomoe huku ukiichezesha kushoto na kulia. Oringi yangu ilitoka bapa, ngumu kama plastiki, na nilipoikunja ikavunjika mkononi. Kitu kile hakifiki hata bei ya chai na chapati mbili, somo, na ndicho kilichonishushia gia boksi. Weka mpya, ipake oili safi, irudishe sensa. Meno yake yamekaa upande, hayawezi kuingia kinyume, kwa hiyo usiigonge. Izungushe mpaka ikubali yenyewe. Linganisha mistari yako ya rangi, kaza. Baadaye mtafute fundi mwenye taa ya taiming ahakiki: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 850 kwa dakika, na matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kile kiboksi cha uchunguzi yakiwa yameunganishwa kwa waya.

Ukiwa hapo hapo, badili na gasketi ya tapeti kava. Silikoni itie kidogo tu kwenye pembe, pale mbele kifuniko cha kamshafti kinapokutana na hedi na pale nyuma kwenye mikato ya nusu duara. Usiipake mzunguko mzima kama mafundi wanavyopenda kufanya. Na bolti zile hazitaki nguvu, ni Nm 5 hadi 9 tu kwenye spana ya kipimo. Anayezikaza kama nati za tairi anapinda kava, na kava iliyopinda itavuja milele. Halafu toa ile vali ndogo ya kupumulia iliyochomekwa kwenye kava, uitikise sikioni. Isipogonga ndani, imeziba. Injini isiyopumua inajaza presha tumboni na kuisukuma oili itoke kwenye kila sili, hata zile mpya. Nimeona watu wakibadili sili mara mbili na vali yenyewe hawajaigusa.

Sasa hili la pili ulilolitaja kama kwa bahati tu, kwamba asubuhi pedali ya klachi inazama mpaka uipige mara tatu nne. Hilo siyo la oili kabisa. Laza kadibodi chini ya gari usiku, uweke alama tairi zilipo, asubuhi usome. Oili ya injini ni kahawia au nyeusi. Oili ya gia ni nzito na inanuka kama yai viza. Kulanti, yale maji ya rejeta, ina rangi, inateleza na ina harufu tamu. Ifute haraka, ni sumu, na paka huilamba. Maji matupu baada ya kuwasha kiyoyozi yasikushughulishe. Ila ukikuta kimiminika chepesi, karibu cheupe, kinachobabua rangi ya gari kikiigusa, hayo ni mafuta ya breki, na gari letu linatumia hayo hayo kwa klachi. Nenda kwenye silinda ya chini ya klachi, ile iliyofungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa gia boksi, ufunue raba yake. Kukiwa na maji maji ndani, silinda imekufa. Magari haya yote huua silinda hiyo, ni kama desturi yao. Badili pamoja na masta ya juu, ile silinda inayosukumwa na pedali, hata kama ya juu bado inaonekana nzima, maana ukiweka moja mpya presha inakuwa kubwa na ya zamani hufuata muda si mrefu. Mtu mmoja akae kwenye pedali, mwingine chini, mtoe upepo mpaka mapovu yaishe.

Rejeta yako sijaiona, lakini itazame tangi lake la plastiki la juu. Likiwa limegeuka kutoka weusi kuwa kahawia, usipande nalo Marangu. Badili tu.

Na kwa kuwa gari lako ni la 1990, nakuomba uwe mwangalifu siku mtakapofungua mbele kwa ajili ya taiming belti na sili za mbele. Yale ya mwanzo yalikuja na krenki ya pua fupi. Utaitambua kwa puli yenye mikato minne badala ya minane. Ile bolti ya puli ikifungwa vibaya, ufunguo wa krenki, kile kichuma kidogo kilichochomekwa kwenye mkato wake, unalegea na kuila krenki yenyewe. Simama karibu, fundi afuate kipimo.

Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1989. Chuma chake bado kizuri, kile kiinjini cha 1600 ukikipa oili safi kinaimba kama siku ya kwanza. Kilichochoka ni mpira, na mpira unabadilishwa. Nakumbuka siku ile tulipolitoa bandarini, ukashusha turubai pale pale Kurasini na jua lote lile, ukasema hutalipandisha tena. Sitaki liende kwa mtu atakayelichinja spea.

Jumapili asubuhi nampa kondakta wa basi bahasha yako. Ndani kuna oringi mbili za vaitoni, zile zinazostahimili joto, moja ya kazi na moja ya akiba, gasketi ya tapeti kava mpya niliyokuwa nayo, na kikebe cha poda, usije ukaiba ya mtoto. Jioni ushuke stendi ukaichukue.

Ukishatia poda na kuendesha, piga picha nyuma ya hedi unitumie kabla hujagusa bolti yoyote. Nitakuwa na simu mkononi.

Wako,
Somo