Barua kwa baba mdogo aliyeachwa na usingizi baada ya kuacha pombe

Baba mdogo, shikamoo.

Jumapili iliyopita uliponipigia simu saa kumi alfajiri, hukuuliza hata habari za watoto. Ulisema tu, "Mwanangu, pombe nimeiacha, na usingizi nao umeniacha," kisha ukacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa la kufanya. Nilikuomba ruhusa nikujibu hadharani, nawe ukakubali kwa sharti kwamba jina lako lisionekane. Nilikuwa na sababu ya kuomba hivyo: katika ukoo wetu peke yake nawajua watu wanne waliorudi kwenye chupa baada ya kuiacha, na ukiwauliza vizuri, wote wanne watakuambia kwamba walichoshindwa kukivumilia ni usiku.

Leo unatimiza siku ya ishirini na tatu. Mimi niko katika mwaka wa nne, kwa hiyo hili ni jambo moja ambalo, licha ya umri wako na heshima yako, nimekutangulia kulipitia, na naomba uniwie radhi nikizungumza kama mtu aliyekutangulia.

Ulisema, "Nikinywa, angalau nalala." Hapo ndipo ninapokubishia. Pombe humzimisha mtu upesi, hilo halina ubishi, na ndiyo maana sote tuliiamini kama dawa. Lakini tufanye hesabu kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi, na ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Mtu aliyefungua chupa ya kwanza saa kumi na mbili jioni na kumaliza ya nne saa nne usiku, ini lake huwa bado liko kazini mpaka saa nane za usiku, au hata mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, siwezi kuipimia, kwa kuwa nguvu yake hutegemea mpikaji na siku ilizochacha, ila mwendo wake mwilini ni uleule.

Katika nusu ya kwanza ya usiku ule, mlevi hulala usingizi mzito kweli, mzito kuliko kawaida, lakini analipia kwa kupoteza usingizi wa ndoto. Usingizi huo wa aina ya pili, ambao macho hukimbiakimbia chini ya kope, ulielezwa kitaalamu mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa kawaida sehemu yake kubwa hutujia kuelekea asubuhi. Pombe huukandamiza. Kisha, kilevi kinapopungua katika damu, mambo hugeuka: moyo unaenda mbio, jasho linatoka, ndoto zinakuja kwa vurugu na kukatika, na kibofu kinadai haki yake, kwa sababu pombe huizuia homoni inayoziambia figo zisiyaachie maji. Kumbuka vizuri, baba mdogo. Miaka yote ile ulikuwa ukiamka saa tisa usiku, ukienda uani, ukirudi na kugeuka kitandani mpaka jogoo wawike. Ulikuwa huhesabu kwamba ni kukosa usingizi kwa kuwa ulikuwa umelala mapema, na asubuhi ukaenda kuzimua kwa supu.

Mama mdogo ana ushahidi wake pia, ingawa hajawahi kukueleza. Aliniambia kwamba siku ulizokunywa ulikuwa ukikoroma, kisha unanyamaza kimya bila kuvuta pumzi, naye anahesabu moyoni moja, mbili, tatu, halafu anakuchoma kwa kiwiko mpaka ushtuke na kuhema. Pombe hulegeza misuli ya koo, njia ya hewa ikajifunga, na ubongo ukalazimika kukuamsha kidogo kila mara ili usikose hewa. Usiku wa namna hiyo nashindwa kuuita usiku wa kupumzika, wa kwako wala wa kwake.

Basi kwa nini sasa, bila hata tone, hali inaonekana kuwa mbaya zaidi? Fikiria mchezo wa kuvutana kamba. Kwa miaka mingi pombe ilivuta upande wa usingizi kila jioni, na ubongo, usije ukazolewa, ukajifunza kuvuta upande wa pili, upande wa kukesha, kwa nguvu ileile. Siku ishirini na tatu zilizopita pombe iliiachia kamba ghafla. Ubongo bado unavuta kwa nguvu zake zote za zamani, na hakuna wa kushindana naye, ndiyo sababu umelala chali saa nane usiku huku macho yametoka kama taa za gari. Ubongo utalegeza mikono, lakini hulegeza polepole, kwa kasi yake wenyewe.

Kwa watu wengi siku za kwanza saba hadi kumi ndizo mbaya kuliko zote, kisha wiki kwa wiki nafuu hujitokeza. Sitaki kukudanganya, hata hivyo: kwa mtu aliyekunywa kwa wingi na kwa muda mrefu, usingizi unaweza kubaki mwepesi na wa kukatikakatika kwa miezi mingi, wengine hata zaidi ya mwaka. Nawe una miaka hamsini na minane, na umri peke yake hupunguza usingizi mzito, hata kwa padri ambaye hajawahi kuonja. Usije ukaisingizia pombe mambo ya uzee.

Ndoto ulizonisimulia ni sehemu ya mambo hayo. Usingizi wa ndoto uliokandamizwa kwa muda mrefu hurudi kwa fujo, kama maji yaliyozibiwa mfereji. Mimi katika wiki ya tatu niliota niko harusini, nimeshika glasi, na nimekwisha kunywa nusu yake kabla ya kukumbuka kwamba nimeacha. Niliamka nikakinga kiganja mdomoni na kunusa pumzi yangu mwenyewe. Nilinusa mara tatu. Nilikaa kitandani nikiona aibu kana kwamba nimeanguka kweli, mpaka nilipojua kwamba karibu kila aliyeacha huota hivyo. Kunywa ndotoni hakuhesabiwi, baba mdogo, siku zako ishirini na tatu ziko palepale.

Nilifanya makosa mengi, nayo nakupa bure. La kwanza lilikuwa kupanda kitandani saa tatu usiku ili "niuwahi" usingizi, nikaishia kulala macho saa tano mfululizo, mpaka kitanda chenyewe kikawa mahali pa kuogopa. Wataalamu wanaotibu ukosefu wa usingizi bila dawa hufundisha kinyume chake: uende kitandani pale tu unaposinzia, uamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, usilale mchana kupita dakika chache, na usingizi ukikataa utoke chumbani ufanye jambo la kuchosha katika mwanga hafifu mpaka usinzie tena. Maelezo haya niliyapata baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni ungo na maharage. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka sebuleni saa tisa usiku, taa ya koroboi pembeni kwa kuwa ile ya umeme ilikuwa kali machoni mwangu, nachambua maharage moja moja: kijiwe huku, lililotobolewa na fukusi kule. Baada ya siku nne mke wangu aliuliza ni nani anayemaliza kazi zake usiku. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa na debe zima lililochambuliwa, na nilikuwa nasinzia kabla ya ungo wa pili.

Kosa la pili najua unalifanya hivi sasa, kwa kuwa nilisikia kijiko kikigonga kikombe kwenye simu. Kahawa unailima mwenyewe na sitakuambia uing'oe, lakini ukinywa kikombe saa kumi na mbili jioni badala ya bia, kufikia saa tano usiku karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini. Chai ya rangi nayo imo, soda nyeusi nazo zimo. Kahawa iishie saa sita mchana.

Kosa la tatu ndilo lililonitisha. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniuzia vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari na bila kuniuliza hata swali moja. Vidonge vingi vya jamii hiyo hugonga mlango uleule katika ubongo ambao pombe ilikuwa ikiugonga, huzoeleka vilevile, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi kabisa. Nilivitumia wiki mbili, na kuviacha kukaniletea mikesha mipya. Ukiona umeshindwa, nenda kwa daktari, umweleze ukweli wote kuhusu pombe, aamue yeye.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, naomba unisubiri kidogo nizungumze nao. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mitetemeko na jasho huweza kuanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huweza kufuata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwapo hutokea zaidi siku ya pili hadi ya nne, na huua watu. Wengi wetu tumewahi kusikia kwamba fulani "amerogwa baada ya kuacha pombe". Huyo ni mgonjwa wa hospitali, na hospitalini zipo dawa za kumvusha salama. Wewe, baba mdogo, umekwisha kuuvuka mto huo, ingawa uliuvuka kienyeji na ulitutia hofu.

Kuhusu kile kikombe kimoja "cha kulalia tu" ulichokitaja mwishoni mwa mazungumzo, ukashusha sauti kana kwamba mama mdogo yuko karibu: kitakulaza usiku wa leo. Saa tisa utakuwa macho kama kawaida, na ubongo utakuwa umeikamata kamba upya.

Simu yangu haizimwi usiku, piga saa yoyote. Jumatano nitampa kondakta wa basi la Moshi kifurushi chenye jina lako. Ni kilo tano za maharage ambayo hayajachambuliwa, na nimemwomba mama mdogo asiyaguse.