Mbona kuskani kwenu ghali? Tuelewane kabla hamjasema tumewapiga

Kazi yetu ni kugeuza vitabu na makaratasi ya watu kuwa faili za kompyuta. Wiki hii tena mteja katupigia, sauti juu, kaona kwenye invoisi mstari wa metadata (maelezo ya kila kitabu) umezidi mstari wa kuskani, anauliza kwani hiyo metadata ni dhahabu. Sio wa kwanza. Wengi wakiona hayo maneno wanahisi tumeyaweka ili tuwapige, basi leo naeleza hela inaenda wapi.

Kuskani ndo kazi nyepesi kuliko zote. Ila hatuskani kama stesheneri. Kila ukurasa unatoka masta, faili la picha la aina ya TIFF lisilobanwa, A4 moja ya rangi kwa 300 dpi (nukta 300 kila inchi) inakula kama megabaiti 25, halafu kutoka hapo ndo tunatengeneza nakala ya kusomea, PDF nyepesi ambayo mwanafunzi anaifungua kwenye simu bila bando kukata. Masta haiguswi, inakaa kwenye diski mbili tofauti na ya tatu nje ya ofisi, na kila faili lina cheksamu yake, ile namba ndefu inayotuonyesha kama faili limebadilika hata kidogo tangu tuliweke.

Sasa metadata. Ni maelezo ya kila kitu, kichwa, mtunzi, mwaka, mada, lugha, haki. Tunafuata Dublin Core, utaratibu wa kimataifa wa kuandika maelezo hayo, wenye vipengele 15 (jina limetoka Dublin ya Ohio kule Marekani, 1995, sio ya Ireland, kuna mteja alibisha sana). Hapo ni mtu kakaa na kitabu mkononi anasoma na kujaza. Chukua Shaaban Robert. Kwenye orodha ya mteja mmoja tulimkuta kaandikwa "Shaaban Robert", "Robert, Shaaban", "Sh. Robert" na "Shaban" ya a moja, kwa hiyo msomaji akitafuta anapata vitabu viwili vitatu, vingine vipo humohumo ila mfumo unajua ni mtu mwingine. Kuyaweka majina yote chini ya jina moja tunaita udhibiti wa majina, na inakula muda kweli.

Kuna chuo walituona ghali, wakawapa wanafunzi wa fildi wapige picha tasnifu kwa simu zao na kutumiana WhatsApp, ambako picha zinabanwa. Flashi walivyotuletea ilikuwa "Scan0001", "Scan0001(2)", "mpya", "mpya kabisa", kurasa za huyu zimeingia kwa yule. OCR, yani programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maneno unayoweza kutafuta, ikatoa uchafu mtupu, "elimu" ikawa "e1irnu". Tukasema turudie kutoka kwenye makaratasi, tukaambiwa mengine yalishatupwa, si yameshaskaniwa? Wakalipa mara mbili na yaliyotupwa ndo basi.

Mzee mmoja wa Unguja yeye alileta tenzi za babu yake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, anataka ziwe zinatafutika. Tulimwambia ukweli, OCR ya kawaida haizisomi hizo. Tukamtafuta mtu anayezisoma, akaandika beti za mwanzo, jina la mtunzi, jina la mnakili, tarehe ya Hijria ilivyo na ya Miladi pembeni. Bei yake ni nyingine kabisa na mzee hakubisha, alikaa pale akisomewa.

Halafu suala la haki. Kitabu kuwa kabatini kwako hakukupi ruhusa ya kukimwaga mtandaoni, sheria ya Tanzania inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo tukikataa kufungua faili kwa umma msituone wabishi, leteni kibali tutafungua.

Na jamani, msikate migongo ya vitabu huko nyumbani eti mnaturahisishia. Kuna aliyekata majuzuu ya gazeti kwa mashine ya kukatia karatasi, safu nzima ya ndani ikaenda na wembe. Leteni vilivyo, hata kama vinanuka ukungu, kukagua hatuchaji.