Vifaa vya ofisi visivyotumika visiachwe kuozea stoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kompyuta, printa na mashine za fotokopi zisizotumika tena, ambazo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wamezirundika stoo, zikijaza sehemu ambayo mwenye nyumba anailipisha kodi kila mwezi.

Kazi yangu ni uhasibu, na kwa ninavyoona, hasara huanzia kwenye kuchelewa kuamua. Sheria ya Kodi ya Mapato huruhusu kompyuta ipunguziwe kila mwaka asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, hivyo iliyonunuliwa kwa shilingi 2,000,000 husomeka takribani shilingi 488,000 baada ya miaka mitatu. Wakati huo fundi wa Kariakoo bado anaitaka, maana skrini na chaja yake zinafaa kutengenezea nyingine. Ikikaa stoo miaka mitano zaidi, atakayeiulizia ni mnunuzi wa chuma chakavu, naye huipima kwa kilo. Kwa hiyo siku kifaa kipya kinapoagizwa, hatima ya kile cha zamani iandikwe papo hapo katika daftari la mali. (Aliyesajiliwa kwa VAT akumbuke kwamba hata akikiuza, kodi hiyo inamhusu.)

Kabla kompyuta haijatoka mlangoni, diski yake ishughulikiwe. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida huyaficha tu, na mjuzi huweza kuyarudisha. Duka la dawa au chama cha akiba na mikopo kinachouza kompyuta ikiwa bado na majina, simu na madeni ya watu kinajitia matatani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa hizo azilinde. Asiye na programu ya kuisafisha diski aitoboe kwa drili.

Vinavyobaki ndivyo vyenye madhara. Nyaya huchomwa moto ili shaba ipatikane, na moshi wake huvutwa na majirani; betri za UPS (kile kifaa cha umeme wa akiba wa kompyuta) hupasuliwa, tindikali ikamwagwa mtaroni na madini ya risasi yaliyomo yakauzwa. Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka mkusanyaji awe na kibali, jambo jema, lakini nilipomtafutia mteja wangu mkusanyaji wa namna hiyo tulijibiwa kwamba printa chache na betri zake ni mzigo mdogo mno kufuatwa. Mwenye duka anayejibiwa hivyo atamwita tu kijana wa mkokoteni.

Naziomba halmashauri za jiji na manispaa zibandike orodha ya wenye vibali katika ofisi za leseni za biashara, na zitenge walau siku moja kila baada ya miezi mitatu ya kupokea mizigo midogo katika masoko makubwa, gharama za usafirishaji zikichangiwa na wanaoileta.

Mhasibu,
Ilala, Dar es Salaam